Kishimo cha Sita

Mle maabarani wageni hawaji. Huja maboksi ya glavu na watu wa kurekebisha viyoyozi. Kwa hiyo mtafiti kijana, aliyebandikwa jina la Bibi Saa kwa kuvaa saa mbili za kengele shingoni, alipomwona mlangoni mzee mwenye bisibisi mfukoni, alimwonyesha kiyoyozi.

Mzee akacheka. Alikuwa fundi umeme kweli, ila hakuja kikazi. Mkewe alifariki kwa saratani ya tumbo miezi minane nyuma, na kabla ya hapo alitia saini kipande cha uvimbe wake kitumike kwa utafiti. Alimwachia mumewe agizo: aende akaangalie kama kweli wanakitumia, kisije kikawa kimelala kwenye friji kama mboga za juzi.

Bibi Saa akamvutia stuli. Alimweleza kwamba kila seli hupokea ujumbe kutoka nje: kua, tulia, baki ulipo. Kwenye saratani ya mkewe, kipokezi cha ujumbe wa kukua na kusogea hakikunyamaza tena.

"Swichi imekwama," mzee alisema. "Haizimiki."

Ndivyo. Seli zikaachana na jirani zake, zikayeyusha ukuta wa tumbo, zikapenya. Bibi Saa alikuwa anajaribu dawa ya kuukata ujumbe huo. Mzee akauliza kama hazitajiunganishia waya mwingine. Swali hilo hilo Bibi Saa alikuwa nalo mwaka mzima.

Mzee aliomba kuziona. Siku hiyo haikuwezekana, kwani kisahani chenye seli za mkewe kilikuwa kwenye kabati la joto na hakifunguliwi mpaka Alhamisi saa kumi kamili. Hapo angemimina rangi inayoziua, kisha ahesabu zilizovuka utando mwembamba aliouweka kuzizuia.

"Njoo saa tisa na nusu, mzee wangu. Utaziona zikiwa hai."

"Neno lako hilo, binti?"

"Neno langu."

Alhamisi ikafika, saa tisa na nusu ikapita, mlango kimya. Saa kumi kengele ikalia. Kisahani kilikuwa na vishimo sita: vitatu vyenye dawa, vitatu bila, na kikao cha watafiti cha Ijumaa kilisubiri hesabu zake. Akimimina kote, neno lake limekwenda. Akiacha kimoja, ulinganisho umeharibika, na kuanza upya ni wiki tatu.

Alimimina rangi kwenye vitano. Cha sita akakiacha. Akafunga chupa, akakirudisha kisahani kwenye joto, akampigia mkuu wake na kumweleza ukweli. Mkuu alishusha pumzi, akasema huruma haina safu kwenye jedwali, na nafasi ya Ijumaa akampa mwingine.

Mzee alitokea saa kumi na mbili kasoro robo, nyusi zimejaa vumbi. Aliomba radhi: alikuwa darini kwenye zahanati akirudisha umeme, na asingeweza kuwaacha wanawake wanaojifungua gizani. Bibi Saa hakugusia habari ya muda. Aliweka kisahani chini ya darubini, akarekebisha lenzi, akampisha.

Mzee aliinama, akabana jicho moja, akaangalia.

"Hazitulii," alisema kwa sauti ndogo. "Na mke wangu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Nitaenda kaburini nimwambie zinafanya kazi."

Bibi Saa alivua saa zake, akazizima, akamwacha aangalie mpaka atosheke.