Salamu za Fundi Gharib

Mji mzima wa Malindi ulimsifu fundi Gharib, mshona kanzu, kwa adabu zake, na mji mzima ulikuwa umekosea. Kila baada ya hatua mia hivi, shavu la mguu wake wa kulia lilimbana kama linakamuliwa. Hapo husimama, akamkamata yeyote aliye karibu, akamuuliza habari za mke, za watoto, hata za mbuzi, mpaka maumivu yapoe. Kisha huyo, anaendelea na safari.

Mwaka wa themanini na sita daktari alimpapasa mguu, akamwambia wazi kuwa mshipa mkubwa umeziba.

"Sigara basi, mzee. Na utembee kila siku. Ukianza kuuma usisimame papo hapo, ongeza hatua. Msuli ukikosa damu ndipo mishipa mipya, myembamba, huchipuka na kuileta kwa njia nyingine. Miezi mitatu bila kukosa. La sivyo tutaukata mguu."

Sigara aliziacha siku ile ile. Akatembea pia, meno ameyauma, macho chini, akiwapita watu bila salamu. Wiki ya nne alifika sokoni bila kusimama, akakaribia kulia kwa furaha.

Lakini watu walishanuna. Wakasema fundi amepata fedha, ameota pembe. Asubuhi moja Mahadhi, rafiki yake tangu chuoni walikosoma Kurani, akamzibia njia.

"Gharib, nimekukosea nini hata unanipita kama gogo?"

Angesema ukweli, yangekwisha. Lakini aliona haya, mjinga yule! Nani angempelekea kitambaa fundi anayeoza mguu?

"Hukunikosea kitu, ndu yangu," akajibu, akasimama, akauliza habari za nyumbani. Tangu siku ile akarudia kusimama na kila mtu. Mwezi wa tatu kidole gumba cha mguu kikawa cheusi.

Walipokwisha kuukata, daktari alikuja kitandani. "Tumeikuta mishipa mipya," akasema polepole. "Ilikuwa imeanza kweli." Gharib alitamani asingeambiwa.

Jioni alikuja Mahadhi, na sasa hapakuwa na cha kuficha, akasimuliwa yote. Mzee yule alilia waziwazi mbele ya wagonjwa wengine.

"Ungalinambia," akasema. "Ningalitembea nawe kimya, Gharib. Kila siku, mpaka sokoni na kurudi."