Mahakama Haichungulii Dirishani

Asubuhi ya kesi, msusi alijaza chai kwenye chupa, akafunga mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa, akampelekea mumewe barabarani. Mume alikuwa ndani ya gari la mikate, mikono kwenye usukani, macho kwenye taa nyekundu. Wenzake walimpachika jina Breki, kwa sababu hata njia ikiwa nyeupe alitangulia kusita.

Alikuwa amesimama pale tangu kabla ya msimu wa mvua. Waliokuja nyuma yake walimzunguka, taa ikawapa kijani, wakaenda zao. Kila alipogusa gia yeye, ilirudi nyekundu. Ndege alikuwa amejenga kiota nyuma ya kioo cha pembeni, na sasa alikuwa na makinda.

"Umelalaje?" msusi aliuliza.

"Kwa kukaa," alijibu Breki. "Mke wangu, usiende kugombana na watu."

"Sigombani. Naenda kusema."

Breki alishtakiwa kwa kupita taa nyekundu, taa hiyohiyo. Samansi ilipoletwa nyumbani, msusi ndiye aliyeipokea. Aliyeileta alisema mke akipokea, mume amepokea. Hukumu ikiwa mbaya, leseni ingekwenda, na bila leseni Breki hakuwa na kazi nyingine anayoijua.

Mahakama ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mlangoni alisimama trafiki aliyemshtaki, ambaye mchana jua likiwa kali humpelekea Breki maji.

"Shemeji, mwambie aje mwenyewe," alisema.

"Aliache gari katikati ya barabara?"

"Hilo ni kosa."

"Avuke, basi?"

"Hilo ndilo aliloshtakiwa."

"Nikamshikie usukani mimi, yeye aje?"

"Una leseni?"

Hakuwa nayo. Alichojua ni gia tu. Jioni mumewe alikuwa akimfundisha, injini ikiwa imezimwa, ili tu wasikae wakitazamana na taa.

Karani aliita jina la mshtakiwa. Msusi akasimama.

"Wewe nani?" hakimu aliuliza.

"Mkewe, mheshimiwa."

"Wewe ni wakili?"

"Msusi."

Watu walicheka. Hakimu alisubiri wanyamaze, kisha akaeleza bila ukali kwamba mke hawezi kumsemea mume mahakamani. Husema mshtakiwa mwenyewe au wakili wake.

"Samansi yake niliipokea mimi."

"Kupokea unaweza."

"Na faini?"

"Kumlipia pia unaweza."

"Kwa hiyo mzigo wake nijitwike, mdomo nifunge."

"Kaa chini, mama."

"Nikikaa, atasimama nani? Mheshimiwa, chungulia hapo tu. Gurudumu la mbele halijafika mstarini. Sasa aliyevuka ni nani?"

Dirisha lilikuwa wazi. Gari la mikate lilionekana lote, na kiwiko cha Breki kikiwa nje, na ndege akiingia na mdudu mdomoni. Hakimu mwenyewe alikuwa amelizunguka gari hilo asubuhi akija kazini.

"Mahakama haichungulii dirishani," alisema.

Akasoma hukumu mshtakiwa akiwa hayupo. Breki alikuwa na hatia. Leseni yake ilifutwa kuanzia saa ile. Msusi aliisikiliza yote akiwa amesimama. Karani alimvuta kanga kidogo ili akae; akaichomoa kanga yake.

"Ukamfikishie mumeo hukumu," hakimu alisema.

"Hiyo naweza?"

"Hiyo unaweza."

Breki alimwona anavyovuka barabara, akaelewa kabla hajafika.

"Leseni?"

"Wameifuta."

Taa ikawa kijani. Breki akagusa gia; taa ikabaki kijani. Akaitazama kwa muda, kisha akaondoa mikono kwenye usukani na kuiweka mapajani.

"Siwezi kuondoka," alisema. "Sina leseni."

Nyuma honi zilianza. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba anayetaka kulala akalale kwake. Msusi akafungua mlango wa dereva.

"Sogea."

"Na wewe huna leseni."

"Basi leo tumelingana. Sogea, baba!"

Breki akasogea. Msusi akawasha gari, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza kama alivyofundishwa. Gari likaruka kama mbuzi, likazimika. Akaliwasha tena. Likavuka mstari mweupe polepole, huku mguu wa Breki ukikanyaga sakafu tupu, ukitafuta breki upande usiokuwa nayo. Ndege alilifuata kwa juu mpaka ng'ambo, kisha akarudi kiotani kwenye kioo.

Trafiki aliwasimamisha. Akainama, akachungulia dirishani.

"Shemeji, umeendesha bila leseni."

"Nimeendesha."

"Itabidi uje mahakamani."

"Nitakuja na miguu yangu."

Breki akakohoa. 

"Nami nitakuja. Nitamsemea mke wangu."

"Huwezi, kaka," trafiki alisema kwa upole, akiandika. "Lakini samansi yake unaweza kumpokelea."

Akaipitisha dirishani. Breki, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia kitu mtu mwenye sare, aliitazama karatasi ile, akakunja mikono kifuani.

"Haya, klachi," alimwambia mkewe. "Sasa ya pili."