Mbuzi Achinjwe kwa Jina la Nani

Mzee Ngendakumana wa Mwanga alikuwa na ulimi usio na breki. Siku moja kwenye kijiwe cha kahawa, jirani yake Hamdani alisema Mungu ni mmoja, dini ni njia tu. Mzee, mlokole aliyeiva, akaruka: "Wako si wangu! Na kwangu usikanyage tena!"

Haya, wiki haikwisha, wakwe wakaleta habari kwamba wanakuja kutoka Kasingirima kumposa Tuyizere, binti yake wa pekee. Wajomba wa kijana wote ni Waislamu. Mchele upo, mafuta yapo, mbuzi yupo. Mchinjaji ndiye hayupo. Mbuzi asipochinjwa na Mwislamu, wajomba watakula wali mkavu, na posa itakuwa imekufa hapo hapo. Tuyizere alikuwa jikoni analia, na vitunguu hajavigusa.

Basi mzee akaumeza ubishi wake, akaenda kubisha hodi kwa Hamdani. Hamdani akaja, taratibu. Akanoa kisu, akakitazama, akakinoa tena. Mbuzi akalazwa kuelekea Kibla.

"Baba Tuyi, hapa nachinja kwa jina la Mungu. Yupi sasa, wangu au wako?"

"Wewe chinja tu, bwana!"

"Nisije nikamkosea mwenyewe."

"Yule aliyemuumba mbuzi!"

"Ehee. Na huyo ni wa nani?"

Imana weee, Mungu wangu, mtu huyu! Na gari la wakwe hilo, limewahi, linapiga honi nje. Mzee alijaa hasira na aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ni mmoja!" akapayuka. "Mungu ni mmoja, Hamdani, nimekubali, chinja!"

"Umenena kweli, mkwe wetu!" Mjomba mkubwa alikuwa ameshaingia uani, akamkumbatia. Hamdani akasema "Bismillahi," akachinja huku akijizuia kucheka.

Nyama ilipoiva, mzee akaona ajikomboe. Akasimama kuombea chakula, maombi ya kilokole hasa. Akaanza na Adamu, akaja kwa Nuhu, akafika kwa Ibrahimu, akaweka kambi. Wajomba wakatazamana, wote hao wanawajua. Wali unapoa. Alipovuta pumzi amwendee Musa, Hamdani akadakia kwa sauti ya mwadhini:

"Aaaamina!"

"Amina!" wakaitikia walokole na Waislamu, mikono tayari ipo kwenye masinia. Na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Tuyizere, mlangoni, na jagi la maji ya kunawa mkononi.