Mdomo wa Mwenye Chungu

Kifuniko cha kichupa kililia "kwa!" gizani, nikacheka peke yangu. Jogoo hajawika, na vidole vyangu vimekwisha kufungua dawa. Miaka miwili nyuma kifuniko kama kile kilinishinda mpaka jua lipande, au mpaka Kabula aje.

Ugonjwa wangu ni baridi yabisi ya viungo. Kwanza nilidhani ni uzee na baridi ya huku Ufipa, lakini daktari wa mjini Sumbawanga alinieleza: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, kwangu inapigana na viungo vyangu mwenyewe.

"Ni kama mbwa wa nyumbani anayeuma wenyeji," nilimwambia.

"Hasa, bibi. Na mbwa huyo hatuwezi kumuua. Tunamfunga tu."

Dawa ndiyo kamba. Naimeza mara moja kwa wiki, kila Alhamisi, na baada ya muda napimwa damu.

Kabula ni jirani yangu, Msukuma. Yeye na mumewe walihamia kijijini kwetu na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Wanangu wote wako mbali, Tunduma na kwingine. Hali yangu ilipokuwa mbaya, Kabula ndiye aliyekuja kila asubuhi kuniwashia moto na kunifunga kitenge. Hakuwahi kuniuliza nitapona lini. Aliuliza tu, "Nimekaza sana, mama?"

Asubuhi ile nilikuwa nakwenda kliniki. Nilikwenda kwa furaha, maana nilikuwa natembea bila fimbo.

Daktari wangu huyo, Basil, ni kijana, anaweza kuwa mjukuu wangu. Alinisalimia shikamoo, akanifinya vidole kimoja kimoja, akatabasamu. Halafu akaangalia majibu ya damu, na tabasamu likaisha.

"Viungo vizuri, bibi. Ila ini linalalamika. Unakunywa pombe?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ni WAWATA, mama wa chama cha wanawake Wakatoliki. Ulevi na mimi wapi na wapi!"

"Mitishamba je?"

"Uliponikataza niliacha."

Akakuna kichwa. Akasema dawa hii wakati mwingine huumiza ini. Niache kwanza kuimeza mpaka nipimwe tena mwezi wa tatu. Ini likitulia, tutaendelea. Lisipotulia, tutaachana nayo kabisa, na nyingine inayofaa kwangu hapa hakuna, mpaka niende Mbeya au mbali zaidi.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje. Niliangalia mikono yangu juu ya mapaja. Nilikuwa nimeizoea tena, jamani. Inakata mboga, inashika rozari, inasaga kimea. Nilipofika kwenye kimea, nikasimama. Nikarudi ndani bila kuitwa.

"Daktari, samahani. Ukiniuliza kunywa, sinywi. Lakini mimi ndiye mpishi."

"Mpishi wa nini?"

Nikamweleza. Kwetu shamba linalimwa kwa ntumba, yale matuta ya duara ambayo nyasi hufukiwa chini zioze ziwe mbolea. Mtu mmoja hawezi. Basi unapika kimpumu, pombe ya ulezi, unaita watu, wanakulimia, na kazi ikiisha wanakaa kuzunguka vyungu na mirija yao. Mimi jembe limenishinda, lakini tangu mikono irudi nimekuwa mpishi wa kijiji kizima. Kila mwenye shamba ananiletea ulezi wake. Na chungu hakinywewi mpaka aliyekipika ameonja mbele ya watu, waone kwamba hakuna ubaya.

"Unaonja mara moja tu?"

"Mbele ya watu, mara moja. Lakini kabla ya hapo kuna kuangalia kama imechachuka. Nachota kikombe. Kesho yake tena. Vyungu navyo ni vingi, na msimu huu watu wamelima kweli."

Daktari Basil aliweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta macho. "Bibi, kuonja kwako kunaweza kumlevya ng'ombe!" Kisha akatulia, akanishika mkono. "Umefanya vizuri kurudi. Usionje hata tone. Tuone ini litasema nini."

Nikarudi nyumbani na tumaini. Lakini shida ilikuwa inanisubiri: vyungu vyangu mwenyewe vilikuwa tayari, na watu nimekwisha kuwaita. Ntumba zisipopigwa wakati mvua imelainisha udongo, mwaka unaofuata nitakula nini?

Raymond, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kuangalia vyungu. Nilipomwambia sitaonja, alikunja uso.

"Shemeji, chungu bila mdomo wa mwenyewe? Watu watasema nini?"

"Watasema Justa anaumwa."

"Watasema Justa anatuficha kitu. Unajua watu wa hapa."

Namjua na yeye vilevile. Kabula alikuwa pale, amenisaidia kubeba maji. Akasema, "Nitaonja mimi."

"Wewe!" Raymond akageuka. "Msukuma wa maziwa anajua nini habari za ulezi?"

"Baba, hata ng'ombe wangu anaijua pombe mbaya. Wewe ndiye unayekunywa yoyote."

Siku ya kazi walikuja wengi. Walipiga ntumba tangu umande, wanaume wakikata nyasi na wanawake wakifukia, na jua lilipoanza kushuka shamba langu lilikuwa limejaa vilima vidogo vyeusi, vinapendeza. Wakakaa kuzunguka vyungu. Kila mtu na mrija wake mkononi, na wote wananitazama mdomo.

Niliogopa. Nilijua nikivuta mrija mara moja tu, hakuna atakayesema neno, na daktari hayupo. Lakini ini langu lingekuwepo, na mikono hii ingekuwepo. Nikasimama.

"Ndugu zangu, mmeniona nilivyokuwa. Nilikuwa nalishwa uji kama mtoto. Dawa ndiyo iliyonisimamisha, na dawa hiyo haipatani na pombe. Siwezi kuonja leo wala siku nyingine. Nimepika kwa mikono yangu, na Kabula ataonja mahali pangu. Anayeogopa, maji ya mtungini yapo."

Kabula akapiga magoti, akavuta mrija, akavuta tena.

"Tungoje kwanza," Raymond akasema. "Tuone kama ataanguka."

Kabula akafumba macho. Akayumba. Akaanguka chali kwenye nyasi, puu! Mama mmoja akapiga yowe. Raymond akaruka kutoka kwenye kigoda chake, kofia ikaanguka, akamwinamia akiita, "We mwanamke! We Kabula!"

Kabula akafungua jicho moja. "Baba, nasikia usingizi tu. Nyama iko wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Raymond aliokota kofia yake, akasema Wasukuma hawana adabu, akakaa na kuvuta mrija kuliko wote. Baadaye, watu wakiwa wanaimba, alinisogelea.

"Dawa hiyo ndiyo iliyokurudishia mikono?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi usionje, shemeji. Nitawaambia mimi wenye vyungu wengine." Na kweli alikwenda nyumba kwa nyumba, ingawa hatua yake siku hizi ni ya mzee, si ya kwenda nyumba kwa nyumba.

Zikafuata siku mbaya. Bila dawa mbwa alifunguka. Vidole vilivimba, magoti yakawa moto, na asubuhi nilishuka kitandani kama mtu anayeshuka kutoka juu ya mti. Fimbo ikarudi. Nilisali ini litulie kabla mikono haijapinda. Lakini naomba nieleze na mengine niliyoyaona. Kuni zangu zilikuwa zinapasuliwa ndogondogo, na sijui ni nani aliyekuwa anazipasua. Bodaboda wa kijiji akaanza kuniletea sabuni mlangoni, akidai alikuwa anapita tu. Na kila nilipotaka kufungua kitu, chupa ya mafuta, kopo la chumvi, nilikuta kifuniko kimelegezwa. Kabula alikuwa anavizungukia vyote jioni, bila kusema.

Mwezi wa tatu nikarudi mjini. Daktari Basil alisoma karatasi muda mrefu, na mimi nikasoma uso wake.

"Ini limetulia, bibi."

"Sema tena."

"Limetulia kabisa. Alhamisi hii unaanza dawa."

Nililia pale pale kwenye kiti, na yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye droo mpaka nikamaliza.

Dawa haifanyi haraka. Ilipita Pasaka, mvua zikakatika, upepo wa baridi ukaanza, ndipo asubuhi moja niliamka na magoti yakakubali. Nikavaa sweta. Nikachukua maharage kidogo kwenye kikapu, nikaacha fimbo mlangoni, nikashika njia ya kwa Kabula. Tangu wahamie, yeye ndiye aliyekuwa anakuja kwangu. Mimi nilikuwa nauona moshi wao tu, ng'ambo ya kijito.

Nilipumzika njiani, kisha nikaendelea. Kabula alikuwa anakamua. Aliponiona alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, akatazama nyuma yangu.

"Mama, umeletwa na nani?"

"Na miguu."

Akaweka kibuyu chini, akapiga magoti kunisalimu, kisha hakuinuka, akabaki ameshika viatu vyangu na kucheka. Alinikalisha juani, akanipa maziwa ya moto, akanionyesha ndama, jiko lake, na mahali mumewe anapotaka kujenga nyumba ya bati. Tulikaa mpaka umande ukakauka. Nilipoinuka alinisindikiza mpaka kijitoni, akanishika mkono kwa wepesi, kama anavyojua.

"Mama," akasema, "sijawahi kupata mgeni wa kwangu mwenyewe hapa. Wote wanakuja kwa ajili ya ng'ombe. Utakuja tena? Hata kama huna kitu mkononi, njoo."