Mazoezi ya Mchezo Usioandikwa

Mume wangu Seif aliponiambia ameanzisha kikundi cha vichekesho hapa Jadida, nilimwambia anipe huo mchezo niusome. Akasema haujaandikwa wala hautaandikwa. Watazamaji wanatoa kisa, wanakikundi wanaigiza papo hapo, na kila mmoja anasema la kwanza linalomjia mdomoni.

Basi mazoezi ya nini? Kitu kisichojulikana mtu hukifanyiaje mazoezi, tena kila siku alasiri, na manukato juu? Mimi si mtoto. Na kikundini alikuwamo Khairat, fundi cherehani, mjane asiyeshindwa kumjibu mtu.

Jumamosi moja nikavaa buibui nikaenda. Nilitaraji kukuta mlango umefungwa. Nikawakuta uwanjani kwa Shehe Jabir, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyewaazima mahali kwa sharti wasitukane, na watu wamejaa mikekani wanacheka. Niliona haya, nasema kweli. Khairat mwenyewe ndiye aliyenivuta mkono.

"Bi Mwanapili, njoo ucheze na mumeo. Mie nakuachia nafasi yangu."

Maneno hayo sikuyapenda, lakini nilisimama.

Mtu mmoja akatoa kisa: mke anamuuliza mume anakotoka.

"Watoka wapi?" nikaanza.

"Kazini, nke wangu."

"Kazi gani hiyo ya kujitia manukato?"

Watu hoi. Kadiri walivyocheka ndivyo nilivyozidi kumbana, na sikuwa nikiigiza. Nikamuuliza ni nani anayemnusa huko kazini. Seif naye mchezo ukamkolea, akaninyooshea kidole.

"Basi nimekuacha. Moja."

Kicheko kikakatika. Kila aliyekaa pale alifundishwa tangu utotoni kwamba talaka haina mzaha. Ukiitamka kwa utani, imepita. Shehe Jabir akasimama, uso umembadilika, ila sauti yake ilikuwa ya upole.

"Na kurejea ni vivyo hivyo, Seif. Tamka kwamba umemrejea nkeo, mambo yeshe hapa."

Neno moja tu. Nampenda yule mtu, na ni miaka kumi na miwili ya ndoa. Nikamtazama mdomo. Seif, ambaye hata msibani huwa na la kusema, aligeuza uso. Akamtazama Khairat. Khairat akainamisha kichwa, akawa anachezea pindo la mtandio wake.

"Seif," Shehe akamwita tena.

"Nimemrejea mke wangu," akasema, macho yake bado yako kule.

Watu wakashusha pumzi. Wanawake wakanishika mikono wakimshukuru Mungu, mmoja akaniambia nina bahati. Nikavaa viatu nikaondoka, mke wake halali, na sikuwa tena na swali la kumuuliza.