Sparadra Mgongoni mwa Aruna

Hadjara, mtoza kodi, aliogopwa na wenye maduka wote wa vitenge kule Bulengera, lakini kitu kidogo kuliko kiganja cha mtoto kilikuwa kinamshinda. Kilikuwa sparadra, plasta nyembamba inayoonyesha ngozi, yenye dawa ya homoni ndani. Munganga, daktari wa hospitali, alimwambia aibandike chini ya kitovu na kuibadilisha mara mbili kwa juma, ili upungue ule moto wa menopozi, wa kukoma hedhi, uliokuwa ukimpanda shingoni na kumtoa jasho hata kwenye baridi ya Butembo.

Moto ulipungua, kweli. Lakini ngozi chini ya sparadra iliwasha ikawa nyekundu, na kichwa kikamgonga. Na matiti! Lo, yaliuma hivi kwamba kitenge kikigusa tu, alitamani kutukana mtu. Munganga alikuwa amemwonya: mengi hupungua mwili ukizoea, lakini yakizidi, au damu ikirudi, aje haraka. Alimwambia pia asimfiche mume wake. Hilo la mwisho Hadjara hakulisikia.

Angemwambiaje Aruna? Aruna aliendesha kamyo kati ya Butembo na Beni, na siku hizi alikuwa akichelewa Beni bila maelezo. Mwanaume anayechelewa Beni, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba bibi yake amezeeka? Thubutu! Basi akawa anajifunika, anageukia ukuta, na Aruna akinyoosha mkono anausukuma kama wa mwizi wa sokoni.

Asubuhi moja, Aruna ameshaondoka, sparadra haikuwepo tumboni. Hadjara alikung'uta mashuka, akapekua chini ya godoro. Wapi! Akabandika mpya, akaenda kazini.

Kesho yake mchana Aruna alirudi nyumbani kwao, mtaa wa Mususa, uso umemshuka. Aliweka mezani kipande cha gazeti, akakifungua. Sparadra ilikuwa pale, imekunjamana, na nywele za mgongo wake zimenasa juu yake.

"Mama Yassini," akasema, "Lukman, shofere mwenzangu, aliiona ku mugongo yangu, wakati nilivua shati nioge pale parking ya Beni. Bashofere bote balicheka. Banasema bapatron, benye kamyo, banatiaka GPS ku kamyo, mais wewe umeitia ku bwana!"

Hadjara alifungua mdomo amweleze. Halafu akaufunga. Riziki kama hii haiji kila siku. Akavuta kiti, akakaa na sura ya jaji.

"Donc sasa unajua kama niliona fasi yote ulienda, pahali kwa pahali," akasema taratibu. "Sema mwenyewe."

Masikini Aruna! Sasa zamu ya jasho ikawa yake.

"Wallahi, hakuna mwanamuke. Ninaendaka kwa dada yangu Yasmine. Ananipatia chai, nami namuuliza: nifanye nini? Mama Yassini hanitaki tena. Nikimugusa, ananisukuma. Ao eko na mutu mwingine, ao ni mimi nimezeeka, nanuka mazutu ya kamyo." Akajipangusa jasho. "Yasmine amenichoka. Anasema, uliza bibi yako. Mais niliogopa jibu."

Mzaha wote ukamtoka Hadjara. Miezi yote hiyo alikuwa akijiandaa kupigana na mwanamke wa Beni, na mwanamke mwenyewe kumbe ni wifi yake! Akilini aliliona lile jibwana likilia jikoni kwa dada mtu, kikombe mkononi. Aibu ikamshika, kisha huruma, na akahisi anampenda mno.

"Si GPS, Baba Yassini. Ni dawa yangu, ya menopozi. Ilibanduka mu kitanda, ikakushika." Akamweleza yote, moto, muwasho na kichwa. "Nilikusukuma sababu matiti inaniuma, si juu sikupendi. Nami niliogopa utasema nimezeeka."

Aruna alivuta kile kipande cha gazeti. Akaitazama sparadra, akajipapasa kifua kwa wasiwasi.

"Na mimi? Matiti yangu itaota?"

"Kwa siku moja? Hapana. Labda utapunguza kukoroma."

Wakacheka mpaka Hadjara akajishika kifua, "Aii, inauma!" na Aruna akaacha kucheka mara moja. Akasogeza kiti chake karibu, mikono ameiweka magotini, akauliza kwa adabu kama aliyekuja kuposa:

"Basi unionyeshe fasi yenye haiumi."

Hadjara alifikiri kidogo, akampa mkono.