Kona ya Fundi

Mezani kwa mama siku ile palikuwa na sahani mbili kubwa, na keki ilikuwa moja.

Sahani ya kwanza ilibeba keki ya wifi yangu: ya duara, rangi ya kahawia iliyokolea, imeumuka kuliko nilivyomwombea. Ya pili ilikuwa tupu. Ilikuwa imefutwa ikang'aa, na imewekwa karibu na kiti ninachokalia mimi. Niliitazama, nikajua la kujua. Jikoni kuna keki ya pili. Mwanamke huyu ameoka mbili, moja ya kutulisha na nyingine ya kunikomesha.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikuwa na wivu. Wivu wenyewe, wa kumfanya mwanamke wa miaka arobaini na miwili, fundi cherehani anayeheshimika mtaa mzima, apime kwa macho kipande cha keki kilichomo katika sahani ya mwenzake.

Nyumbani kwetu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huokwa keki. Ni keki ya kawaida, unga, mayai, siagi, sukari na maganda ya machungwa yaliyokwaruzwa, na mama aliipokea kwa mama yake. Kilichoifanya iwe yetu ni trei. Marehemu baba alikuwa fundi bati. Aliitengeneza trei ile kwa mkono wake mwaka aliooa, na katika haraka zake za bwana harusi akakosea kukunja: kona moja ikashuka chini kuliko tatu zilizobaki. Alitaka kuitupa, mama akamkataza. Tangu hapo kila keki ikiokwa, siagi na sukari hukimbilia kona ile na kugandia pale, ikawa ngumu kidogo, nyeusi kidogo, na tamu kupita sehemu zote. Tuliiita kona ya fundi, na ilikuwa ya baba peke yake. Sisi watoto tulimeza mate tu.

Alipofariki, Jumapili ya kwanza baada ya msiba, mama alikata keki kimya kimya. Akaichukua kona ile, akaishika hewani muda mrefu mpaka mdogo wangu akainamisha kichwa. Kisha akaniwekea mimi. "Fundi amebaki mmoja katika nyumba hii," alisema. Miaka tisa nimeila kona ile. Ndoa yangu haikufika miezi saba, mtoto sikujaliwa, na nyumba ninayoishi nimepanga. Lakini kona nilikuwa nayo.

Mdogo wangu ni dereva wa malori, na mwaka juzi alituletea mke. Ni muuguzi, mchangamfu, mwenye kuimbaimba akiwa jikoni, anayemwita kila mtu mpenzi, hata paka. Mwezi uliopita mama alikata keki kama kawaida, akaichukua kona ya fundi, mkono ukapita juu ya sahani yangu bila kutua, ukaenda kumwekea wifi.

"Kula, mwanangu," alimwambia. "Siku hizi mnakula wawili."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari ya ujauzito. Kila mtu alishangilia. Mimi nilipiga vigelegele, tena vya juu kuliko vyote. Wifi akaitafuna kona ile kwa dakika mbili, akajifuta midomo, akasema, "Mh, hapa paliungua kidogo, lakini patamu." Paliungua! Nilikwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Hata hilo ningelimeza. Kujikaza kisabuni nimekuzoea. Lakini wiki tatu baadaye nilipita kwa mama kumpelekea gauni nililompunguzia kiuno, nikamkuta amekaa kitandani anajikanda vifundo vya mikono kwa dawa.

"Mikono imenigomea," alisema. "Jumapili hii ataoka wifi yako."

"Ataoka yeye?"

"Ndiyo. Tumeshaelewana."

Nilikuwa nimeshika gauni, nikaanza kukagua pindo ambalo nilikuwa nimelishona mwenyewe na halikuwa na kasoro yoyote. "Ni sawa, mama," nilisema.

"Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa. Mimi mwenyewe kazi zimenijaa."

Alinitazama kwa muda, kisha akarudi kwenye dawa yake.

Mtanielewa nikiwaambia kwamba tangu nina miaka minane mimi ndiye niliyempigia mama mayai. Mama hakuoka kwa saa wala kwa kitabu. Alinikabidhi bakuli na uma, akasema, "Piga mpaka nikwambie acha." Nilipiga mpaka bega likawaka moto, huku nikimtazama aseme, naye ananitazama na kutabasamu, anachelewa makusudi. Nilipokuwa msichana nilidhani ananionea. Nilipokuwa mkubwa niliacha kuhesabu dakika, kwa sababu hapakuwa na saa nyingine katika mwezi ambayo mama aliniangalia mimi tu. Na sasa alikuwa amempa mtu mwingine yote hayo, kwa neno moja, amekaa kitandani!

Ijumaa mchana nilirudi. Nyumba ilikuwa kimya, mlango wa chumba cha mama umerudishiwa, nikajua amelala. Jikoni niliivuta trei kutoka nyuma ya masufuria, nikaitia kwenye mfuko mkubwa chini ya sare za shule nilizokuwa nimeshona, nikatoka kupitia uani kwa hatua za mtu anayewahi kazi yake. Moyo ulinienda mbio mpaka kwenye kona ya barabara. Baada ya hapo nilianza kujisikia vizuri sana.

Jumamosi nzima nilishona na trei iko chini ya meza ya cherehani, imefunikwa kwa vitambaa vilivyobaki. Kila mguu wangu ulipokanyaga cherehani niliigusa kwa kidole gumba cha mguu wa pili. Nilimwona wifi akilini, amefungua makabati yote, amepiga magoti na tumbo lake, anaita, "Mama, mpenzi, trei iko wapi?" Nilicheka peke yangu. Mteja aliyekuja kupimwa shati aliniuliza kuna nini, nikamwambia uzi umenitekenya. Sikuwa na mpango wa zaidi. Sikutaka kuoka wala kuuza trei ile. Nilitaka tu keki isiokwe, au iokwe ikadode, ili siku moja mtu mmoja katika nyumba ile aseme kwamba bila fulani mambo hayaendi.

Basi, Jumapili nimefika. Keki imeokwa, na haikudoda. Wifi alikuwa ameioka kwenye sufuria isiyo na mikono, na harufu yake ya machungwa ilikuwa imefika mpaka getini. Niliinusa bila kupenda, na mate yakanijaa kinywani.

"Karibu, mpenzi," wifi alisema. "Mkoba tu? Leta nikuwekee."

Mama aliutazama mkoba wangu. Ulikuwa mdogo, wa kuingia pochi na mkasi. Akageuka akatazama mlango niliotokea, kana kwamba kuna kitu nimekiacha nje.

Tulikaa. Chai ikamiminwa. Kisu kilikuwa mbele ya mama, lakini hakukishika.

"Tungoje kidogo," alisema.

Tukangoja. Mdogo wangu ana njaa ya kudumu, tangu utotoni. Alisogeza kiti, akainusa keki, akapigwa kofi la mkono na mkewe. "Mama, tunamngoja nani?" aliuliza. "Ukoo mzima ndio sisi."

"Tulia wewe."

"Chai inapoa."

"Iache ipoe."

Wifi akaanza kusimulia alivyohangaika. Alikuwa ametafuta trei nyuma ya jiko, juu ya kabati, mpaka chini ya kitanda, akashindwa kuinuka akavutwa na mumewe. "Nikasema leo naumbuka," alisema huku akicheka. "Keki bila kona! Mume wangu ameniambia habari za ile kona, wifi. Mimi mwezi uliopita nilikula tu, sikujua. Ningejua nisingesema imeungua."

Nilimeza chai iliyokuwa bado ya moto, ikanichoma mpaka kifuani. "Ah, ni kipande cha keki tu," nilisema. "Na hiyo keki ya pili mnaileta lini?"

"Keki ya pili?" Wifi alishangaa.

Nilionyesha ile sahani tupu kwa kidevu.

Wifi akamtazama mumewe, mumewe akamtazama mama. Mama alikuwa ananitazama mimi. Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa cha meza, vifundo vimevimba.

"Kwani yako umeiacha wapi?" aliniuliza.

"Yangu ipi?"

"Keki yako."

Sikuelewa. Nawaapia sikuelewa, mpaka alipoendelea.

"Ijumaa nilikuwa dirishani. Nilikuona umetoka na trei. Nikasema, huyu leo ameamua, anakwenda kuoka, anataka kunishtukiza. Huyu mwenzio alipoitafuta nilimwacha atafute, nisiharibu siri yako. Nikamwambia tumia sufuria. Nikaiandaa na sahani." Aliitazama ile sahani tupu. "Hukuoka?"

Mdogo wangu, ambaye hajawahi kujua wakati wa kunyamaza, akatoa macho pima. "Dada! Umeiba trei ya mzee?" Kisha akaona uso wangu, akaanza kuchunguza kijiko chake. Wifi hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya tumbo, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, bila neno mpenzi wala nini. Nilitamani anitukane.

"Hukuniambia nioke," nilimwambia mama. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya mtoto wa miaka minane. "Ulimwambia yeye."

"Sikumwambia. Aliiona mikono yangu akaomba."

"Mimi pia niliiona."

"Uliiona, ukaniambia una kazi nyingi. Miaka mingapi umenipigia mayai? Nangoja siku utakayosema, mama, kaa pale, leo naoka mimi. Ulikuwa unapiga, unanitazama, unangoja niseme acha. Nikisema unaosha mikono unaondoka." Alikishika kisu, kikamponyoka, akakishika tena. "Nikadhani hutaki."

Wifi alinyoosha mkono akampokea kisu, akakata yeye. Keki ya duara haina pa kuanzia. Aliigawa kama inavyogawiwa, vipande vyembamba mbele na vipana nyuma, vyote sawasawa. Changu kilikuwa sawa na cha mdogo wangu, na cha mdogo wangu sawa na cha mama. Nilikila. Kilikuwa laini, kitamu, na nilikitafuna kama mtu anayemeza dawa. Nilimwonea wivu hata wakati ule, mnaona! Nilimwonea wivu kwa kuomba. Kitu rahisi namna ile, mtu anafungua mdomo anaomba, na mimi nimekaa miaka thelathini na nne nimeshika uma.

Niliinuka.

"Unakwenda wapi?" mdogo wangu aliuliza.

"Kuleta trei."

Nilipogeuka mlangoni niliona wifi anakusanya sahani zilizotumika. Alipofika kwenye ile tupu aliigusa ukingo ili aichukue, na mama akamwambia, "Hiyo iache."

Chumba changu cha kushonea hakiko mbali, ni mitaa miwili tu. Niliivuta trei kutoka chini ya vitambaa. Ilikuwa na vumbi la chaki na uzi wa buluu, na katika ile kona iliyoshuka palikuwa pamegandia punje ya sukari nyeusi ya mwezi uliopita, ambayo hakuna aliyeiosha vizuri. Niliikwangua kwa ukucha nikaitia mdomoni. Halafu nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia, si sana, kiasi cha mtu mwenye keki ya kuoka.

Niliporudi walikuwa wamehama meza, wote wako jikoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono mapajani. Mdogo wangu alikuwa anakwaruza maganda ya machungwa na kujikwaruza vidole. Juu ya meza palikuwa na unga, siagi na mayai sita.

"Mama, kaa hapo hapo," nilisema, ingawa alikuwa amekwisha kukaa. "Leo naoka mimi."

"Haya," alisema.

Nilianza kuosha trei. Wifi alisogea karibu nami. Bado alikuwa hajarudisha kicheko chake chote. Alichukua bakuli, akachukua na uma, ule uma, wenye jino moja lililopinda.

"Wifi, nikupigie mayai?"

Nilitaka kumwambia apumzike, ana mtoto tumboni. Nilitaka pia kumwambia auweke chini uma huo, una mwenyewe. Nilivunja mayai sita mbele yake, moja baada ya jingine.

"Piga mpaka nikwambie acha."

Akapiga. Mwanzoni alipiga kimya, kisha taratibu akaanza kuimba wimbo wake ule wa kunikera, na uma ukafuata mdundo. Mimi nilipaka trei siagi, nikianzia kona ya fundi. Mayai yalipauka, yakapanda, yakawa mazito. Sikuhitaji kuyaangalia. Nilijua kwa sauti ya bakuli kwamba yameshafika.

Wimbo ulikatika. Bega lilikuwa limeanza kumlegea, akainua macho akanitazama, anangoja. Kwenye kiti chake mama naye alikuwa ameinua macho, na alikuwa ananitazama mimi.

Nilitabasamu, nikachelewa kidogo tena, makusudi.